Maji Yasiyo na Mamba

Ndugu msomaji, wiki hii sitaandika juu ya bajeti ya Serikali wala juu ya uchaguzi. Nitaandika juu ya likizo. Wapo watakaosema mhadhiri kachoka, hoja zimemwishia. Nawaomba wanivumilie. Nimegundua, nikiwa na miaka arobaini na sita na shahada tatu, kwamba kupanga siku chache za mapumziko kwa familia ya watu sita ni kazi ngumu kuliko kusimamia tasnifu, na kwamba ugumu huo haukuanzia nyumbani kwangu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliwaahidi watoto kwamba nitawapeleka katika bustani ya michezo ya maji, mojawapo ya zile zilizoko pwani ya Dar es Salaam, zenye mabomba marefu ya kuteleza yanayomwaga watu bwawani kama magunia kutoka kwenye lori. Safari hiyo niliiandaa kama ninavyoandaa kongamano. Nilichora jedwali. Saa 3:00 kuingia. Saa 3:15 bwawa la watoto wadogo. Saa 4:00 mabomba makubwa. Saa 6:30 chakula. Saa 7:15 bembea. Hata muda wa kwenda msalani niliutengea dakika zake.

Nilichagua siku ya sikukuu kwa sababu ndiyo siku niliyokuwa huru, bila kujiuliza kama jiji zima nalo halikuwa huru siku hiyo hiyo. Foleni ya magari ilikula saa mbili za jedwali langu. Tulibeba pilau katika hotipoti. Langoni tukaambiwa kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, jambo ambalo ningelijua kama ningepiga simu moja. Mwanangu wa kati, ambaye nilimwahidi bomba refu kuliko yote, alipimwa kwenye kibao cha kimo akakosa vidole vitatu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nikisahihisha sura ya nne ya tasnifu ya mwanafunzi kwenye simu, nikiinua macho kila baada ya dakika kumi kutangaza kwamba muda wa mchezo huu umekwisha, twende kwenye mwingine. Jioni tulirudi nyumbani bila mtu kusema neno. Tulipofika, mke wangu alivua viatu, akaketi, akaniambia kwa upole uliouma kuliko ukali: “Baba watoto, wewe hukutupeleka kupumzika. Umetupeleka semina.”

Kauli hiyo ilinikaa. Mtu wa vitabu akiumia hukimbilia vitabu, nami nilianza kusoma juu ya asili ya bustani hizi. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Griffith Park, jijini Los Angeles, akila njugu huku akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Alijiuliza kwa nini pasiwepo mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kucheza pamoja. Mahali hapo alipafungua Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na siku ya ufunguzi ilikuwa vurugu tupu. Watu wengi waliingia kwa tiketi za kughushi. Lami ilikuwa mbichi, ikavimeza visigino vya viatu vya akina mama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma kabla yake, hivyo ilibidi achague kati ya maji ya kunywa na maji ya vyooni; akachagua vyoo, watu wakashinda na kiu katika jua kali.

Nilijifunza mambo mawili. La kwanza, kama mtu mwenye kampuni nzima nyuma yake alishindwa kuitiisha siku moja, mimi na jedwali langu ni nani? La pili ni lile benchi. Bustani ile ilizaliwa kwa sababu baba mmoja hakutaka kubaki mtazamaji wa furaha ya wanawe. Mimi nililipa kiingilio kizima, kisha nikaenda kulitafuta benchi kwa hiari yangu.

Lakini kwa nini nilikimbilia benchi? Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba jambo hili ni pana kuliko tabia yangu. Mimi sikuwahi kufundishwa kupumzika. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaijua nauli ya likizo, ile inayolipwa kila baada ya miaka miwili ili mtumishi aende nyumbani na familia yake. Neno lenyewe linasema: nauli ya kwenda nyumbani. Na nyumbani, kwa wengi wetu, si mahali pa kupumzika. Ni mahali pa kumalizia nyumba, kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba, kuhani misiba ya mwaka mzima kwa siku tatu. Baba alipopata likizo alivua viatu vya ualimu, akavaa makubazi, akaingia shambani. Tarehe ya kuripoti kazini ilimkuta amekonda kuliko alivyoondoka.

Sheria zetu hazina kasoro kubwa katika hili. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, linatambua haki ya kila mtu ya kupumzika na kupata likizo yenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapoorodhesha yale ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kisha haikusahau kucheza na kupumzika. Yaani mtunga sheria aliliweka bembea katika orodha moja na ugali.

Tatizo ni kwamba sheria ya likizo inamtafuta mwajiri ili imbane. Mama yangu hana mwajiri. Mama yangu ni mkulima wa mpunga wa Idete.

Kwa wasiopajua, Idete iko Kilombero, ng'ambo ya mji wa Ifakara ukishika njia ya kwenda Mlimba, safu ya Udzungwa upande mmoja na bonde la Mto Kilombero upande mwingine. Wasafiri wanaijua kwa gereza lake la kilimo. Wanasayansi wanaijua kwa mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa kijana wa shule, watafiti wa Ifakara na wenzao kutoka nje walifanya hapo kwetu jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, aliyoibuni mwanasayansi wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo. Watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano walichanjwa dozi tatu, wengine chanjo yenyewe, wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la Lancet: homa zilipungua kwa asilimia 31. Majaribio ya baadaye katika nchi nyingine hayakuthibitisha matumaini hayo, chanjo ikaachwa. Siwalaumu watafiti. Walituokoa kwa mengi, na wengine wao ndio walionitia hamu ya kusoma. Nasema tu kwamba watoto wa Idete tumehesabiwa joto la mwili, wingi wa damu, hata kuumwa na mbu kwa usiku mmoja. Sijawahi kuona mtu akihesabu saa tulizocheza.

Na tulicheza, lakini juu ya dungu. Mpunga ukianza kubeba, familia huhamia shambani, na mtoto hupandishwa kwenye dungu lake kuwinga ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kwelea kwelea wakitua kwa kundi, shamba la familia linaweza kuisha kabla ya saa sita mchana. Tulikuwa na makopo, kamba na sauti zetu. Nilipokuwa nikiwasimulia watoto wangu habari hizi, nilizipamba: uhuru, upepo, hadithi za kuitana kutoka dungu hadi dungu. Mke wangu, ambaye naye ni mtoto wa mkulima, alinikatiza siku moja. “Waambie pia kwamba ulikosa shule,” alisema. Ni kweli. Nilikosa shule. Na ni kweli pia kwamba usiku tulilala katika vibanda visivyo na madirisha ya wavu, na asubuhi nyingine mtoto wa jirani hakuamka.

Basi likizo ya Juni ilipokaribia mwaka huu, binti yetu mkubwa aliuliza mezani: “Baba, likizo hii tunakwenda wapi?” Nikamjibu kama kawaida kwamba tunakwenda Idete. Akasema bila dharau yoyote, kama mtu anayesahihisha kosa dogo la hesabu: “Idete siyo likizo. Idete ni kwa bibi.” Niliudhika. Usiku nikatafakari nikaona kwamba mtoto amesema kweli tupu. Kwa baba yangu Idete haikuwa likizo. Kwangu si likizo. Na bibi mwenyewe, anayekaa huko mwaka mzima, je? Yeye likizo yake ni wapi?

Nilimpigia simu. Baada ya salamu, habari za mvua na habari za wagonjwa, nikauliza: “Mama, ukipewa nafasi ya kwenda mahali kupumzika, ungependa kwenda wapi?” Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza: “Baba, unaumwa?”

Ilibidi nimhakikishie kwamba siumwi. Alipoelewa kwamba swali ni swali, alijibu kwa swali lake: “Na mpunga ataanika nani?”

Hapo nilikutana na kizuizi ambacho jedwali langu la mwaka jana halikuwahi kukiwazia. Shule zetu hufungwa Juni, na Juni ndiyo mavuno ya Kilombero. Hufungwa tena Desemba, na Desemba ndiyo matayarisho ya shamba na kupanda. Kalenda ya mtoto na kalenda ya mkulima hukutana mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili hukutana shambani. Kumwambia mama aje Dar es Salaam mwezi Juni ilikuwa sawa na kumwambia mhasibu achukue likizo siku ya kufunga hesabu za mwaka.

Tuliketi, mimi na mke wangu, tukakubaliana kupanga upya, na safari hii yeye ndiye aliyeshika kalamu. Kanuni yake ilikuwa fupi: kila jambo tunaloliongeza, tuondoe mawili. Wiki mbili za mwanzo tutakuwa Idete, tutavuna na mama, tutalipa vibarua wawili ili kazi iishe mapema. Gunia la mwisho likiingia ndani, tutaondoka naye. Hatutasafiri hadi Dar es Salaam kwa siku moja, tutalala Morogoro. Bustani tutakwenda mara moja tu, katikati ya wiki, siku isiyo sikukuu. Kila mtoto atachagua jambo moja analolitaka kuliko yote, na mengine yakipatikana ni baraka, yasipopatikana hakuna deni. Na simu ya mhadhiri itabaki nyumbani. Kanuni hiyo ya mwisho niliipinga kwa hoja nne nzuri sana. Nilishindwa.

Tulifika Idete mpunga ukiwa umelala mashambani kwa rangi ya dhahabu iliyofifia. Kitindamimba wetu wa miaka mitano alimkimbilia bibi yake akamwamkia shikamoo, naye akaitikia, “Marahaba, mume wangu, mbona umechelewa, nimevuna peke yangu?” Kwa siku kumi na mbili tulikata, tukapura juu ya turubai, tukapepeta, tukaanika. Sitawadanganya kwamba watoto walifurahi kila siku. Makapi yanawasha, jua ni kali, na binti yangu aliniuliza mara mbili kama sheria inaruhusu. Nilimwambia arudie swali hilo akiwa mkubwa, bungeni.

Jioni ya mwisho tuliketi nje, magunia yakiwa yamepangwa ndani hadi karibu na kenchi. Binti akawa anamweleza bibi yake juu ya bustani: mabomba, bwawa linalotengeneza mawimbi, mto wa mviringo ambao mtu hulala juu ya boya akachukuliwa taratibu bila kufanya lolote. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akauliza: “Hayo maji yana mamba?”

Nilicheka. Watoto walicheka. Mke wangu hakucheka. Alinitazama, na ndipo nikakumbuka.

Nina mjomba ambaye sikuwahi kumwona. Alichukuliwa na mamba akiwa na miaka saba, kwenye mkono mmoja wa mto, walipokwenda kuchota maji. Mama alikuwa na miaka kumi, alikuwa amemshika mkono. Habari hii nilisimuliwa mara moja tu, na shangazi, na nilionywa nisiiulize tena. Maisha yangu yote nilimwona mama akikaribia maji kwa namna ile ile: husimama hatua kadhaa nyuma, hutazama, hurusha jiwe au tonge la udongo, hungoja, ndipo husogea. Tulidhani ni mazoea ya watu wa bonde. Nami, msomi, nilikuwa nimepanga kumpeleka mwanamke huyu kupumzika majini, na wazo hilo lilikuwa halijanipitia kichwani hata mara moja.

Nikaanza kubabaika. Nikasema tunaweza kubadili, tunaweza kwenda makumbusho, tunaweza kukaa tu nyumbani. Mama akanyoosha mkono kunituliza. “Nimeuliza tu kama yana mamba,” alisema.

“Hayana, mama. Ni maji ya kujengewa, chini ni vigae, unaona mpaka miguu yako.”

Akafikiri. “Basi nitakuja,” akasema. “Nataka kuyaona maji yasiyo na mamba.”

Safari yenyewe ilinifundisha kwamba mwendo wa polepole nao ni sehemu ya mapumziko. Tulipanda gari hadi Ifakara katika vumbi, kisha tukashika lami ya kwenda Kidatu, zaidi ya kilomita 60 ambazo zamani, wakati wa masika, ziliweza kummeza mtu kutwa nzima. Udzungwa ilitufuata kushoto, miwa kulia. Mikumi, ambako barabara kuu inapita katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, twiga watatu walivuka mbele yetu bila haraka, na dereva akasimama. Hapakuwa na kiingilio. Mama alisema amekula mpunga ulioliwa nusu na wanyama tangu azaliwe, ila hajawahi kumwona mnyama asiyemdai kitu. Tulilala Morogoro kwa ndugu. Asubuhi tukapanda treni ya reli ya kisasa, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kabla mama hajamaliza kusifia viti, tulikuwa tumefika.

Mke wangu alikwisha kupiga simu bustanini siku nyingi kabla. Aliuliza mambo ambayo sikuyauliza mwaka jana: chakula, kimo, siku yenye watu wachache, na hasa mavazi, kwa kuwa mabwawa mengi hayaruhusu khanga majini. Alimnunulia mama vazi la kuogelea la stara, lenye mikono mirefu na suruali. Mama alilivaa, akajitazama, akasema anafanana na nyoka, lakini hakulivua.

Langoni aliniuliza kiingilio chetu sote ni debe ngapi za mpunga. Swali hilo nililiogopa tangu Idete. Nilifikiria kumdanganya. Nikamwambia kweli. Alinyamaza, akahesabu moyoni. Nilimwona akirudi shambani na kuangalia ni majaruba mangapi yamekwenda. Kisha akasema: “Haya. Nitaoga mpaka debe la mwisho.”

Hakuoga mara moja. Kwa muda wa saa nzima, labda zaidi, kwa maana sikuwa na simu ya kutazama, aliketi chini ya mwavuli akilitazama bwawa la kina kifupi. Mwaka jana ningekwisha kutangaza kwamba muda umepita. Safari hii hapakuwa na muda wa kupita. Binti aliteleza kwenye bomba alilolichagua mara tisa. Wa kati, ambaye mwaka mmoja umempa vidole vinne vya kimo, alipimwa, akapita, akapanda ngazi zote, akaogopa, akashuka kwa miguu, na hakuna aliyemsema. Mimi niliingia majini na kitindamimba, na niligundua kwamba sijawahi kumsikia akicheka kwa karibu namna ile.

Kisha nikamwona mama amesimama. Alisogea hadi hatua chache kutoka ukingoni, akasimama, akatazama uso wa maji kutoka kushoto hadi kulia. Najua alichokuwa akikitafuta. Hapakuwa na jiwe la kurusha. Alivua kandambili moja, akaishika, akasita, akaivaa tena. Kitindamimba akatoka majini akamshika mkono. Nilitaka kukimbia kwenda kuwatenganisha, sijui kwa nini, au najua. Sikwenda. Waliingia pamoja, polepole, hadi maji yakamfika magotini, na hapo akasimama akiwa amemshika mtoto kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mkono wake ukalegea kidogo kidogo. Nilipomkaribia hakunitazama, alikuwa akiitazama miguu yake mwenyewe, iliyoonekana wazi juu ya vigae vya buluu. Akasema, si kwangu hasa: “Miaka hamsini nasimama majini. Leo ndiyo mara ya kwanza nasimama bila jembe.”

Mchana huo alilala juu ya boya katika ule mto wa mviringo, wajukuu wakimsukuma mmoja kila upande, akazungushwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Alifumba macho. Mlinzi wa waogeleaji alimuuliza kama yuko salama, akajibu kwamba asimwamshe.

Ningeweza kumalizia hapo, ndugu msomaji, na makala ingekuwa ya kupendeza. Lakini jioni, ndani ya gari, mama aliuliza swali ambalo sina jibu lake mpaka leo. Aliwataja kwa majina wanawake wanne wa kitongoji chake, wale wanaosaidiana kupanda na kuvuna kwa zamu, akauliza: “Na wenzangu hawa, watoto wao si madaktari kama wewe. Wao watakuja lini?”

Wanafunzi wangu watasema hilo ni suala la kipato. Ni kweli, ila si lote. Visiwani Unguja, siku za Idi, watoto wa kila hali hukusanyika kwenye bembea za uwanja wa Kariakoo na mwaka mzima huzungumzia siku hizo; mahali pa kucheza panapofikika kwa wengi si ndoto ya nchi tajiri pekee. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnakaa katika vikao vinavyopima viwanja vya miji midogo kama Ifakara, miji inayokua kwa kasi. Katika ramani hizo hutengwa eneo la wazi, na katika miaka kumi eneo hilo huota fremu za maduka. Mnakaa pia katika vikao vinavyopanga mihula ya shule. Wanaharakati mnaandaa makongamano juu ya mwanamke na ardhi, na ni vyema. Lakini ni lini mara ya mwisho tuliuliza juu ya mwanamke na mapumziko? Nasi wasomi tulioutoroka mpunga, tunaporudi vijijini tunapeleka sukari, dawa na ushauri. Siku ya kutofanya lolote hatuipeleki, kwa sababu wenyewe hatuna.

Kwa anayepanga safari ya familia yake Desemba ijayo, ushauri wangu ni mdogo. Piga simu kabla. Chagua siku ambayo si ya kila mtu. Punguza. Toka kwenye benchi. Na kabla ya yote muulize yule mzee wa nyumbani anataka nini, kisha umngojee ajibu, hata kama simu itanyamaza muda mrefu.

Mama alirudi Idete baada ya siku tano. Alisema panya hawaendi likizo. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi kwa kuogopa kumaliza salio. Hakuwa na shida. Alitaka tu kunijulisha kwamba mwakani, gunia la mwisho likishaingia ndani, atakuwa na wenzake wawili, kwamba wameanza kuweka debe moja moja pembeni kila mwezi, na kwamba amewaambia hayana mamba, lakini hawajamwamini.